Nani Atalipa Mbio Zisipokuja?

Tarehe 27 Juni 2017 waziri wa uchumi wa Wales, Ken Skates, alitangaza kwamba serikali yake haitadhamini pauni milioni 210 za uwanja wa mbio uliokusudiwa kujengwa Rassau, juu ya mji wa Ebbw Vale. Uwanja huo ulikuwa na jina tayari, Circuit of Wales. Ulikuwa na kibali cha ujenzi, na ulikuwa na mkataba wa kuandaa mbio za pikipiki za MotoGP. Kitu pekee ambacho haukuwa nacho ni mtu aliyekuwa tayari kupoteza fedha zake mwenyewe iwapo mambo yangeharibika. Baada ya tangazo lile mradi haukuinuka tena.

Wengi waliusoma uamuzi huo kama woga wa wanasiasa. Mimi naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Naamini pia kwamba ulikuja umechelewa sana, na kwamba kuchelewa huko kuliwaumiza watu wa Ebbw Vale kuliko uamuzi wenyewe. Swali la nani atalipa mbio zisipokuja lilipaswa kuwa la kwanza kabisa kuulizwa. Liliulizwa mwisho, baada ya mawakili, washauri, wapima ardhi na wachora ramani kuwa wamekwisha kula.

Kwanza mahali penyewe, maana bila kupajua huwezi kuelewa kwa nini mradi huu uliaminiwa. Kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale kilifungwa mwaka 2002. Mji ulikuwa umekua kukizunguka, maelfu ya watu wakikitegemea kizazi baada ya kizazi, na migodi ya makaa ya mawe ya mabonde yale ilikuwa imekwisha kabla yake. Blaenau Gwent, halmashauri yenye wakazi wapatao 70,000, imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa maeneo maskini zaidi Wales. Huko ndiko Aneurin Bevan alikokuwa mbunge kwa zaidi ya miaka 30, waziri yule aliyeanzisha huduma ya afya ya umma ya Uingereza mwaka 1948. Ni watu wanaojua maana ya serikali kusimama upande wao. Basi akatokea mwekezaji na mchoro wa uwanja wa mbio, hoteli, kituo cha teknolojia ya magari na ajira 6,000, akisema kinachotakiwa ni serikali kuweka sahihi yake tu. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia arudi na hesabu zake tuzikague? Ningekuwa nimepoteza kazi ya kiwandani mwaka 2002, nami ningeupigia makofi mchoro ule.

Kampuni iliyoubuni mradi, Heads of the Valleys Development Company, ilijitokeza mwaka 2011. Eneo lililotakiwa lilikuwa ekari 830, jirani kabisa na hifadhi ya taifa ya Brecon Beacons. Mwezi Julai 2013 halmashauri ya Blaenau Gwent ikatoa kibali cha awali cha ujenzi, na magazeti yakaandika kana kwamba greda zingeingia kazini wiki ileile.

Hapo ndipo wasomaji wa habari za miradi hupotea njia. Kibali cha ujenzi kinasema tu kwamba sheria haikukatazi kujenga. Hakisemi kwamba ardhi ni yako, wala kwamba fedha zipo. Ardhi ya Rassau ilikuwa na jambo lake: sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya pamoja. Kwa sheria za England na Wales, ardhi ya aina hiyo inaweza kuwa na mwenyewe anayejulikana, lakini wakazi wa jirani wana haki ya kulishia kondoo wao hapo, na umma una haki ya kupita kwa miguu. Huwezi kuizungushia uzio na kumwaga lami. Sheria ya mwaka 2006 inamtaka anayeihitaji aombe iondolewe kwenye daftari la ardhi za pamoja, na atoe ardhi nyingine badala yake.

Maombi hayo yalipingwa. Miongoni mwa waliopinga ni chama cha Open Spaces Society, ambacho kimekuwa kikitetea ardhi za namna hiyo tangu karne ya 19. Mwaka 2015 ukafanyika uchunguzi wa hadhara, mashahidi wakasikilizwa, na baadaye mwaka huohuo ruhusa ikatoka. Kwa maneno mengine, kisheria mradi ulishinda. Nalisema hili kwa kuwa nimesikia mara nyingi ikidaiwa kwamba wapenda mazingira na wafuga kondoo ndio walioua Circuit of Wales. Si kweli. Walitumia haki waliyopewa na sheria, wakasikilizwa, wakashindwa, wakaenda nyumbani. Uwanja haukujengwa hata hivyo.

Lakini hebu tazama tarehe. Mkataba na Dorna, kampuni yenye haki za MotoGP, ulitangazwa Agosti 2014, nao ulikuwa wa kuandaa mbio za Uingereza kuanzia msimu wa 2015. Uchunguzi wa hadhara juu ya ardhi ulikuwa haujafanyika. Yaani saa ya mkataba ilianza kugonga kabla ya ardhi kupatikana! Mpango wa muda ulikuwa mbio za 2015 zifanyike Donington Park, uwanja wa mbio wa England, na Februari 2015 Donington wakajitoa. Uwanja mwingine wa England, Silverstone, ukaziokoa, na mbio zilizonunuliwa kwa jina la Wales zikaendelea kukimbiwa katikati ya England mwaka baada ya mwaka.

Hivi ndivyo mkwamo wa kisheria unavyogeuka kuwa mkwamo wa fedha. Watu huviandika kama vitu viwili, mahakamani huku na benki kule, nami naona ni jeraha moja. Kampuni ya aina hii haina mapato. Haiuzi tiketi, haikodishi vyumba, haina hata kibanda cha chai. Kila mwezi unaopita katika mabishano ya ardhi ni mwezi wa kulipa wanasheria, wahandisi, washauri wa mazingira na riba ya mikopo midogo iliyochukuliwa kusubiri mkopo mkubwa. Gharama ya mradi ilipotajwa mwanzoni ilikuwa chini ya pauni milioni 300. Mwaka 2017 ilikuwa inatajwa milioni 430. Uwanja ulikuwa uleule, na hakuna jiwe lililokuwa limewekwa juu ya jingine.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga walisema hivyo juu ya mtu anayekopa kwa ajili yake mwenyewe. Katika miradi ya viwanja vya mbio mara nyingi anayecheza harusini si yule atakayelia matangani, na Circuit of Wales ilionyesha jambo hilo mapema kabisa. Serikali ya Wales ilikwisha toa ruzuku ya takriban pauni milioni 2, na mwaka 2014 ikadhamini mkopo wa benki wa pauni milioni 7.35. Kampuni ilishindwa kuurudisha, benki ikageukia mdhamini, na hazina ya umma ikalipa. Aprili 2017 Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Wales akatoa ripoti juu ya fedha hizo za awali, zaidi ya pauni milioni 9 kwa jumla, akiikosoa serikali kwa namna ilivyozisimamia. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni kwamba sehemu ya ruzuku ilisaidia kununua kampuni ya pikipiki ya FTR Moto, iliyokuwa Buckinghamshire, nje kabisa ya Wales.

Nikiisoma ripoti ile sikuona wizi wa sinema. Niliona kitu cha kawaida zaidi, na kwa hiyo cha kuogopesha zaidi: maofisa waliotaka mradi ufanikiwe kwa dhati, wakaacha kumuuliza mwombaji maswali ambayo wangemuuliza mwombaji mwingine yeyote. Tamaa ya kuleta ajira iliwafanya wawe washirika wa mradi kabla ya kuwa walinzi wa fedha. Ukishakuwa mshirika, kila swali gumu unaliona kama usaliti.

Sasa tuje kwenye dhamana kubwa. Kwanza serikali iliombwa idhamini deni lote. Aprili 2016 ikakataa. Ombi likarudi likiwa limepunguzwa hadi takriban asilimia 80, na Julai mwaka huo Skates akakataa tena, akisema sekta binafsi lazima ibebe angalau nusu ya hatari. Likarudi mara ya tatu mwaka 2017 likiwa pauni milioni 210, chini kidogo ya nusu ya gharama yote. Ukilitazama juu juu, sharti lilikuwa limetimizwa. Hata mimi, kama ningeonyeshwa takwimu hizo mbili tu, ningeuliza kwa nini wanasita.

Jibu liko katika namna hatari inavyopimwa. Katika hesabu za umma hawaangalii tu kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya dhamana. Wanaangalia mpango mzima: nani anatoa dhamana, nani anapangisha, nani analipwa kwanza, nani analipwa mwisho, nani anabaki ameshika jengo tupu wapangaji wakiondoka. Wataalamu waliokagua mpango wa Wales walikuta kwamba, vyote vikijumlishwa, serikali ilikuwa inabeba zaidi ya nusu ya hatari. Ikiwa hivyo, kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba deni lote, pauni milioni 373, lingehesabiwa kuwa la serikali. Katika bajeti ya maendeleo ingekuwa sawa na kwamba fedha hizo zimekwisha kutumika, hata kama uwanja ungejaa watu kila wiki. Zingekatwa kutoka mahali pengine: hospitali, shule, barabara.

Neno dhamana linatudanganya sote. Tunalisikia kama ahadi ya mbali, kitu kisichogharimu chochote mpaka balaa litokee. Lakini mwekezaji anayesema ataweka fedha zake iwapo tu serikali itamhakikishia kuzirudisha amekwisha kusema anauonaje mradi. Mfuko wa pensheni na kampuni ya bima zina watu wanaolipwa kuchungulia miaka 30 mbele. Wakikuambia hawataingia bila mgongo wa serikali, ujue wamechungulia.

Waliona nini? Nadhani waliona biashara yenyewe ilivyo. Wiki mbili tu baada ya tangazo la Skates, tarehe 11 Julai 2017, wamiliki wa Silverstone walitangaza kwamba wanatumia kifungu cha kujitoa katika mkataba wao wa mbio za magari za Formula One ili uishe baada ya mbio za 2019. Sababu waliitaja wazi. Mbio zao ziliwapa hasara ya pauni milioni 2.8 mwaka 2015 na milioni 4.8 mwaka 2016. Ada ya kuandaa ilikuwa pauni milioni 11.5 mwaka 2010, ilifika milioni 16.2 mwaka 2017, na kwa ongezeko la kila mwaka lililokuwa ndani ya mkataba ingefika takriban milioni 25 mwaka 2026. Huo ni Silverstone, uwanja uliokwisha kujengwa, wenye historia tangu Formula One ilipoanza mwaka 1950, katika nchi yenye timu nyingi za mbio kuliko nyingine yoyote, na wenye umati miongoni mwa mikubwa kabisa katika kalenda. Haukuwa na mkopo wa pauni milioni 373 mgongoni.

Piga hesabu kidogo. Tuseme mkopo ule ungetozwa riba ya asilimia 5, nauchukua kwa mfano tu. Riba peke yake ni pauni milioni 18.65 kwa mwaka, kabla ya kurudisha hata senti ya mtaji, kabla ya ada ya mbio, kabla ya mshahara wa mlinzi wa geti. Mwenye uwanja kwa kawaida anabaki na mapato ya tiketi, wakati haki za televisheni na sehemu kubwa ya matangazo ni za mwenye michuano. Ana wikendi moja kubwa kwa mwaka, pengine mbili. Siku nyingine zote anakodisha barabara yake kwa majaribio ya magari, shule za udereva na watu wanaopenda kuendesha kwa kasi siku ya Jumamosi. Ni mapato halali, na viwanja vingi vidogo vinaishi kwayo vizuri. Hayatoshi kulipa deni la ukubwa ule, juu ya kilima chenye ukungu na mvua nyingi.

Ndiyo maana siku hizi huwezi kukuta mtu anapendekeza uwanja wa mbio peke yake. Anapendekeza kituo kikubwa: uwanja, hoteli, chuo, viwanda, makumbusho. Uwanja ndio unaoleta picha za magazeti, na yale majengo ya pembeni ndiyo yanayoleta idadi ya ajira. Katika ajira 6,000 za Wales, ukaguzi wa serikali ulikuta kwamba uwanja wenyewe ungeajiri moja kwa moja watu 100 na kitu, pamoja na wengine 500 hivi wakati wa ujenzi. Zilizobaki zilitegemea makampuni ambayo yangekuja baadaye kupanga katika majengo ya awamu za mbele, na awamu hizo fedha zake hazikuwamo katika mpango ulioombewa dhamana. Sisemi waliozihesabu walisema uongo. Nasema walihesabu wapangaji ambao hakuna aliyekuwa amewaona.

Wapo watakaouliza: je, kama serikali ingekubali? Ujerumani ilikubali, na tunajua kilichotokea. Nürburgring, katika milima ya Eifel, ni uwanja wa tangu 1927, miongoni mwa viwanja vinavyopendwa zaidi duniani. Ulikuwa mali ya umma, kampuni yake ikimilikiwa karibu yote na jimbo la Rhineland-Palatinate. Miaka ya 2000 jimbo likaamua kuugeuza kituo cha starehe cha mwaka mzima: hoteli, kumbi, maduka, kijiji cha burudani, hata treni ya kupaa kwa kasi kandokando ya jukwaa kuu. Fedha zilikuwa zitoke sekta binafsi, na katika kusubiri, fedha za umma zikatangulia. Mwekezaji akatafutwa kupitia madalali, mmoja baada ya mwingine. Julai 2009, siku chache kabla ya Grand Prix ya Ujerumani, yaani mbio za Formula One za nchi hiyo, kukimbiwa hapohapo, ikabainika kwamba hundi iliyotoka kwa mwekezaji aliyesemekana kuwa Mmarekani tajiri haikuwa na fedha nyuma yake. Waziri wa fedha wa jimbo, Ingolf Deubel, akajiuzulu.

Majengo yakakamilika kwa fedha za umma, zaidi ya yuro milioni 300. Wageni hawakuja kwa idadi iliyopigiwa hesabu. Treni ya kupaa ilipata ajali katika majaribio ya mwaka 2009, ikafunguliwa kwa umma kwa siku nne tu mwaka 2013, kisha ikafungwa. Julai 2012 kampuni ya uwanja ikaingia katika ufilisi. Mwaka 2014 mahakama ya Koblenz ikamtia Deubel hatiani kwa namna alivyozishughulikia fedha za umma, uwanja ukauzwa kwa takriban yuro milioni 77, na Oktoba mwaka huo Tume ya Ulaya ikaamua kwamba misaada iliyotolewa ilikiuka kanuni za ushindani. Mwaka 2015 Ujerumani, nchi ya Mercedes na Porsche, haikuwa na Grand Prix hata moja, kwa kuwa hapakuwa na uwanja uliokuwa tayari kulipa ada.

Ninairudia kesi ya Nürburgring kila ninapoambiwa kwamba Wales ilikosa ujasiri. Kule ujasiri ulikuwapo. Na zingatia kwamba Wajerumani walianza na uwanja uliokuwapo tayari, wenye jina, wenye mashabiki wanaotoka mabara yote kuja kulala kwenye mahema msituni. Wales walitaka kuanza na malisho ya kondoo.

Donington inastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Mwaka 2008 kampuni iliyokuwa imekodi uwanja huo ilipewa mkataba wa miaka 17 wa kuandaa Grand Prix ya Uingereza kuanzia 2010. Kwa furaha hiyo wakaanza kuchimba, wakakata hata sehemu ya njia ya mbio, kabla ya fedha kupatikana. Mwaka 2009 mwenye uwanja akawashtaki kwa kodi ya zaidi ya pauni milioni 2 ambayo hawajalipa, wakapatana nje ya mahakama. Oktoba jaribio la kuuza hati fungani za pauni milioni 135 likashindwa, na Novemba kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Familia iliyomiliki uwanja ilibaki na mashimo. Wakayafukia, wakakarabati, na mwaka 2010 mbio zikarudi. Kuna ushujaa mkubwa katika kazi ile ya kufukia ambao haukupata nafasi katika vichwa vya habari.

Upande wa sheria nao unaweza kuua kweli, na mfano wangu ni Rio de Janeiro. Mji huo uliubomoa uwanja wake wa Jacarepaguá mwaka 2012 kupisha majengo ya Olimpiki ya 2016, kisha ukataka uwanja mpya katika msitu wa Camboatá, eneo la Deodoro, uliokuwa chini ya jeshi. Mei 2019 Rais Bolsonaro alitangaza kwamba Formula One inahamia huko kutoka São Paulo. Zabuni ilikuwa na mshindani mmoja tu. Msitu ule una takriban miti 180,000 na ni mabaki ya mwisho ya msitu wa Atlantiki wa tambarare ndani ya mji. Waendesha mashtaka wa serikali kuu wakaenda mahakamani, tathmini ya athari kwa mazingira ikadaiwa kabla ya hatua nyingine yoyote, na mikutano ya hadhara ikazuiwa na kuahirishwa. Desemba 2020 uwanja wa Interlagos wa São Paulo ukapata mkataba mpya hadi 2025. Mwanzoni mwa 2021 meya mpya wa Rio, Eduardo Paes, akauzika mradi.

Hapo mahakama ilifanya kazi ambayo serikali haikutaka kuifanya: ililazimisha maswali yaulizwe kabla ya mti wa kwanza kuanguka. Ikiwa mradi hauwezi kustahimili tathmini moja iliyofanywa kwa utaratibu, ucheleweshaji si kosa la hakimu.

Je, hakuna kituo kikubwa cha mbio kinachoweza kujengwa siku hizi kikaishi? Kipo, na hadithi yake ndiyo iliyonifanya niandike. Mwezi Novemba 2011 uwanja wa Circuit of the Americas, nje ya Austin, Texas, ulikuwa umesimama. Wabia walikuwa wakigombana juu ya nani ana mkataba wa mbio. Mafundi wakasimamisha kazi, Bernie Ecclestone aliyekuwa akiongoza Formula One akatishia kuiondoa Austin katika kalenda. Katika mwezi huohuo mdhibiti wa hesabu za jimbo, Susan Combs, akatangaza kwamba Texas haitatoa fedha yoyote kabla ya mbio kufanyika. Jimbo lilikuwa na mfuko wa matukio makubwa, na dola milioni 25 kwa mwaka zilikuwa zimezungumzwa, lakini malipo yangekuja baada ya tukio, kwa kupima kodi ya ziada ambayo wageni wameleta.

Lilikuwa pigo, na wengi waliandika kwamba uwanja umekufa. Badala yake wenye fedha waliobaki wakaingia mifukoni mwao, wakalipa ada, wakapata mkataba mpya Desemba, kazi ikaanza tena. Tarehe 18 Novemba 2012 mbio zikakimbiwa, na Austin haijawahi kukosa nafasi yake isipokuwa mwaka 2020 wa janga la korona. Fedha za umma za Texas zina wakosoaji wao, nami ni mmoja wao. Jimbo linapaswa kujiuliza kila mwaka kama wageni wale wasingekuja hata bila ruzuku. Lakini tofauti na Wales ni kubwa mno. Texas ililipia kitu kilichokwisha kutokea. Uwanja ungefilisika kabla ya mbio za kwanza, wadai wangegawana lami na majukwaa, na hazina ya jimbo isingeguswa.

Kwa hiyo siamini kwamba serikali lazima ikae mbali kabisa. Inaweza kujenga barabara na kufikisha umeme na maji kwenye eneo, kwa kuwa hivyo hubaki hata mwekezaji akitoweka. Inaweza kulipia tukio baada ya tukio. Inaweza kufundisha mafundi. Kudhamini deni la mtu mwingine kwa miaka 30 ni jambo la aina tofauti, maana hapo faida ni ya mwenye hisa na hasara ni ya mwenye kodi.

Siku ileile Skates alipokataa kudhamini uwanja, aliahidi pauni milioni 100 katika miaka 10 kwa ajili ya eneo la viwanda vya teknolojia ya magari hapohapo Ebbw Vale, akikadiria ajira 1,500. Kama eneo la viwanda liliweza kutangazwa bila uwanja kwa tamko la siku moja, kwa nini watu wale waliambiwa kwa miaka sita kwamba bila uwanja hakuna viwanda? Nayo ahadi hiyo ya pili imekuwa na mashaka yake. Kampuni ya magari ya TVR, iliyotangaza mwaka 2016 kwamba itatengeneza magari yake Ebbw Vale, ilionyesha gari lake jipya la Griffith Septemba 2017, kisha tarehe za kuanza uzalishaji zikawa zinasogezwa mwaka hadi mwaka.

Halmashauri yoyote itakayoletewa mchoro wa kituo cha mbio iombe kwanza ukurasa unaosema mkopo usipolipwa wadai watamwendea nani, kwa kiasi gani na kwa muda gani, na iubandike mahali wakazi wanapoweza kuusoma kabla ya kupiga kura ya kibali. Kwa Ebbw Vale jibu la wazi lilikuja Juni 2017. Watoto walioanza shule ya msingi mradi ulipotangazwa walikuwa wanakaribia kuimaliza.